Mtoto anaumizwa: kesi ya jinai, ustawi wa jamii au amri ya zuio?

Anayegundua kwamba mtoto anapigwa, ananyimwa chakula au anachezewa mwili huwaza kwanza polisi. Si kosa, ila polisi ni mlango mmoja tu. Sheria za nchi nyingi zimeweka milango mitatu, na kila mlango una swali lake. Kesi ya jinai inauliza: nani alitenda, na aadhibiwe vipi? Shauri la ulinzi wa mtoto linauliza: hapo alipo yuko salama, na kama hayuko, akae wapi? Amri ya zuio inauliza: mtu huyu tumweke mbali na mtoto kwa njia gani? Ukibisha mlango usio wa swali lako utajibiwa jambo jingine kabisa, na siku zinakwenda.

Ushauri wetu ni kuanza na swali la usiku wa leo. Atalala wapi, na ufunguo wa chumba hicho anao nani? Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha mlango wa kwanza. Adhabu ya mtesaji ni jambo zito na hatulipunguzi, lakini hukumu huja baada ya miezi, pengine miaka, na mtoto hawezi kuisubiri akiwa kwenye nyumba ileile.

Milango yote mitatu ina mzizi mmoja. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa zimeuridhia isipokuwa Marekani, unazitaka serikali katika kifungu cha 19 zimlinde mtoto na kila aina ya ukatili, utelekezaji na unyonyaji akiwa kwa wazazi au walezi. Kifungu cha 3 kinaweka maslahi ya mtoto mbele, na cha 9 kinasema mtoto asitenganishwe na wazazi ila kwa uamuzi wa mamlaka husika ambao mahakama inaweza kuupitia. Sheria za ndani ndizo zinazogeuza maneno hayo kuwa fomu, muda na amri.

Kwa kuangalia haraka

| | Kesi ya jinai | Shauri la ulinzi | Amri ya zuio |
|---|---|---|---|
| Anayefungua | Dola, kupitia polisi na mwendesha mashtaka | Kwa kawaida afisa ustawi wa jamii au idara ya watoto | Mzazi, mlezi au mtu mwingine kwa niaba ya mtoto |
| Uthibitisho | Bila kuacha shaka yoyote ya msingi | Mizani ya uwezekano, yaani jambo lina uwezekano zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa | Mizani ya uwezekano. Ya muda huweza kutolewa kwa kiapo cha upande mmoja |
| Kasi | Miezi hadi miaka | Saa kwa dharura, wiki hadi miezi kwa amri kamili | Mara nyingi siku hiyohiyo au siku chache |
| Anayehama | Mtuhumiwa, akiwekwa rumande | Mara nyingi mtoto | Mtesaji |
| Lazima mtesaji ajulikane? | Ndiyo | Hapana | Ndiyo |

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio unaosahaulika kuliko yote, basi tuanze nao.

Shauri la ulinzi: halihitaji kumjua aliyetenda

Chukua kichanga cha miezi mitatu kilichopelekwa hospitali kwa sababu hakiachi kulia. Picha ya eksirei inaonyesha mbavu mbili zilizovunjika: mmoja umeanza kuunga, mwingine mbichi. Maana yake ameumizwa si chini ya mara mbili, kwa nyakati tofauti. Nyumbani kuna watu wazima watatu, na kila mmoja anasema hajui. Kesi ya jinai inaweza kukwama hapo, kwa kuwa haiwezekani kusema bila shaka ni nani kati ya hao watatu. Shauri la ulinzi halikwami. Mahakama ya watoto inahitaji kuridhika kwamba mtoto ameumia, au yuko katika hatari ya kuumia, chini ya uangalizi uliopo. Jina la mtendaji linaweza kupatikana baadaye, au lisipatikane kamwe, na mtoto bado akawa salama.

Alama zenyewe husema mengi kwa anayezijua. Mtoto anayetembea huchubuka magoti, mifupa ya miguu na paji la uso, yaani sehemu zinazotangulia anapoanguka. Damu iliyovilia kwenye masikio, shingo, tumbo au mgongo wa mtoto aliye chini ya miaka minne inataka maelezo ya kina. Na kichanga ambaye bado hajajua hata kujigeuza hana namna ya kujichubua. Alama yoyote kwake inatosha kumpeleka kwa daktari siku hiyohiyo.

Sheria huupa mlango huu mwendo wa haraka, kisha huuwekea mipaka ya muda ili mamlaka isimchukue mtoto na kumsahau. Uingereza ni mfano ulio wazi. Chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 1989, polisi wanaweza kumshikilia mtoto mahali salama kwa saa zisizozidi 72. Baada ya hapo inahitajika amri ya dharura ya mahakama, isiyozidi siku 8, inayoweza kuongezwa mara moja tu kwa siku zisizozidi 7. Afrika Kusini, katika sheria yake ya mwaka 2005, inaruhusu mtoto kuondolewa bila amri pale hatari inapokuwa ya papo hapo, lakini suala lifikishwe mahakamani. Unapozungumza na afisa, muulize wazi: hatua hii inadumu siku ngapi, na tunarudi mahakamani lini? Akisita kujibu, omba kuzungumza na msimamizi wake.

Udhaifu mkubwa wa njia hii unaonekana kwenye jedwali: mara nyingi anayehama ni mtoto. Mtoto wa miaka saba aliyetolewa kwao na mfuko wa nguo huona ni yeye aliyeadhibiwa kwa kusema. Wadogo zake wanaweza kupelekwa kwingine. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema kumtoa mtoto kwao kuwe hatua ya mwisho, umaskini peke yake usiwe sababu, ndugu wasitenganishwe bila sababu nzito, na watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka mitatu, walelewe katika familia badala ya makao ya watoto. Yapo kwenye karatasi. Kuyatekeleza kunahitaji msukumo wa watu wanaomjua mtoto.

Kwa hiyo usimwendee afisa mikono mitupu. Nenda na orodha ya ndugu watatu au wanne wanaoweza kumpokea, na kwa kila mmoja andika namba ya simu, umbali hadi shuleni, nani wengine wanalala humo ndani, na uhusiano wake na mtuhumiwa. Hili la mwisho ndilo huharibu mambo: mtoto anapelekwa kwa bibi, kumbe mtuhumiwa ni mwana wa bibi huyohuyo na hula hapo kila Jumapili. Afisa aliyepewa kesi saa kumi jioni bila majina atafanya kilicho karibu, na kilicho karibu ni makao.

Mlango huu pia una sura ya upole. Mama aliyeelemewa, mgonjwa au mlevi, ambaye watoto wake wanakosa chakula na shule, hafaidiki na kesi ya jinai, wala watoto wake. Mahakama inaweza kuweka amri ya usimamizi: mtoto anabaki nyumbani, afisa anatembelea kwa ratiba, na mzazi anapewa masharti anayopimwa nayo. Pale ambapo shida ni uzembe na si ukatili wa makusudi, ndiyo tunayoipendekeza kwanza.

Kesi ya jinai: nguvu zake ziko katika saa 72 za mwanzo

Hii ndiyo njia pekee inayoweza kumfunga mtesaji, na ndiyo inayowalinda watoto wengine atakaowakuta mbele. Inadai uthibitisho wa juu kuliko zote, na sehemu kubwa ya uthibitisho huo hupatikana au hupotea kabla wakili yeyote hajatajwa.

Kama mtoto amebakwa au kulawitiwa, mpeleke hospitali kabla ya mahali pengine popote. Dawa za kinga dhidi ya VVU zinafanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, kwa msichana aliyekwisha kupevuka, vinaweza kutumika hadi saa 120. Asiogeshwe, na nguo alizovaa zisifuliwe. Kila nguo iwekwe kwenye mfuko wake wa karatasi, si wa plastiki, kwa kuwa plastiki hutunza unyevu, unyevu huleta ukungu, na ukungu huharibu chembe zinazotafutwa maabara. Kama amekwisha kuoga, mpeleke vilevile. Fomu ya polisi ya matibabu, ile ya PF3 kwa Tanzania au P3 kwa Kenya, ni ya ushahidi. Tiba ya dharura haipaswi kungoja fomu.

Daktari akiandika kwamba hakuona jeraha, usikate tamaa. Watoto wengi walioingiliwa hawana alama yoyote wanapopimwa, ama kwa sababu hakukuwa na jeraha la kuonekana, ama kwa sababu limepona upesi. Ripoti ya aina hiyo haithibitishi kwamba hakuna kilichotokea, na mwendesha mashtaka mzoefu atamwomba daktari aieleze hivyo mbele ya mahakama.

Kinachobeba kesi nyingi ni maneno ya mtoto, na hapo watu wenye nia njema ndio wanaoharibu. Mama anauliza: “Mjomba alikushika huku, si ndiyo?” Mtoto anaitikia. Wakili wa utetezi akilijua swali hilo, atasema jibu lilipandikizwa, na atakuwa na hoja. Muulize mara moja tu, kwa swali lililo wazi: “Nieleze ilivyokuwa.” Kisha nyamaza. Akinyamaza naye, subiri; ukitaka zaidi, “Halafu?” inatosha. Andika maneno yake yalivyotoka, pamoja na tarehe, saa na waliokuwepo. Kama ameita kiungo chake “kidudu,” andika kidudu. Usimsahihishe wala usitafsiri, kwani neno la kitoto ni sehemu ya ushahidi kwamba maelezo ni yake. Maswali ya kina waachie waliofunzwa. Iceland ilianzisha mwaka 1998 nyumba maalumu ambamo mtoto anahojiwa mara moja, na polisi, ustawi wa jamii, daktari na watu wa mahakama wote wanatumia mahojiano hayo. Nchi kadhaa za Ulaya zimeiga. Usipokuwa na nyumba ya namna hiyo karibu, bado unaweza kuomba mtoto asirudie maelezo kwa kila anayeketi nyuma ya meza.

Yapo mambo mawili madogo yaliyoangusha kesi kubwa. La kwanza ni umri. Kosa likiwa linategemea umri wa mwathirika, umri unathibitishwa kama jambo jingine lolote. Haitoshi kwamba hakimu anamwona ni mdogo. Kenya, kwa mfano, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 inapanga adhabu ya unajisi, yaani kumwingilia mtoto kingono, kwa ngazi za umri: miaka 11 au chini, kifungo cha maisha, 12 hadi 15, kisichopungua miaka 20, 16 hadi 18, kisichopungua miaka 15. Mwaka mmoja unabadilisha hukumu nzima. Leta cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, au mzazi atoe ushahidi wa tarehe akiwa kizimbani. La pili ni taratibu za kumpokea mtoto kama shahidi. Tanzania, tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, lakini lazima kwanza aahidi mahakamani kusema kweli na kutosema uongo. Ahadi hiyo isipoandikwa kwenye mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu rasmi za mahakama, rufaa inaweza kuufuta ushahidi wake. Anayemsindikiza mtoto anaweza kumkumbusha mwendesha mashtaka asubuhi hiyo. Ni sentensi moja inayookoa miaka.

Dhamana nayo ipangwe mapema, maana mara nyingi familia hushtuka kumwona mtuhumiwa mtaani siku ya pili. Mwambie mwendesha mashtaka kabla ya siku hiyo: anaishi wapi, mtoto anapita njia gani kwenda shule, nani ametumwa kuja na maneno. Hata dhamana ikitolewa, mahakama inaweza kuiwekea masharti ya kutosogea na kutowasiliana.

Na mshtakiwa akiachiwa huru? Kuachiwa kunamaanisha shaka imebaki. Mahakama ya watoto, inayopima kwa mizani ya uwezekano, inaweza kuusikia ushahidi uleule na kuamua kwamba mtoto asirudi. Wapo watoto waliorudishwa kwenye nyumba ya hatari kwa sababu tu familia ilidhani hukumu moja imefunga milango yote. Haijaifunga.

Amri ya zuio: anayehama ni mtesaji

Mama yuko tayari, nyumba ni ya kwao, na tatizo ni mwanamume mmoja anayerudi usiku akiwapiga. Hapa zuio linashinda yote. Mwombaji anajaza fomu na hati ya kiapo. Hakimu akiona hatari anatoa amri ya muda bila kumsikiliza mlalamikiwa kwanza, kisha anapanga tarehe ya pande zote mbili. Mtesaji anaondoka, watoto wanabaki na vitanda vyao, shule yao na rafiki zao. Afrika Kusini, chini ya sheria ya mwaka 1998 ya ukatili wa majumbani, hata mtoto mwenyewe anaweza kuomba bila msaada wa mzazi.

Kiapo kizuri kina tarehe na vitendo. “Ni mkali” haimsaidii hakimu. “Tarehe 4 usiku alimpiga mtoto wa kwanza kwa mkanda mgongoni, jirani alisikia, picha nimeambatisha” inamsaidia. Kwenye maombi taja mahali kwa jina: nyumbani, shule, kwa bibi, msikitini au kanisani. Amri isiyotaja shule haitamzuia getini saa za kutoka.

Amri ikishatoka, kazi iko nusu. Lazima imfikie mlalamikiwa kwa njia inayokubalika na uthibitisho urudi mahakamani. Asipokabidhiwa, atasema hakujua, na mashtaka ya kuivunja yatakuwa magumu. Toa nakala tano: kituo cha polisi cha karibu, mwalimu mkuu, jirani anayeaminika, ya kutembea nayo, na ya kuweka mbali na nyumba.

Njia hii ina masharti mawili. Kwanza, sheria nyingi za aina hii zinahusu watu wenye uhusiano wa kifamilia au wanaoishi pamoja. Jirani au mwalimu anaweza asiguswe nayo. Pili, lazima awepo ndani ya nyumba mtu mzima atakayeshikilia amri hiyo. Mama anayemtegemea mtesaji kwa kodi na chakula, akashindwa na kumfungulia mlango wiki ya tatu, amewaacha watoto na karatasi. Pakiwa na dalili hiyo, nenda ustawi wa jamii siku ileile unayoomba zuio.

Wazazi walioachana, na kuyamaliza nyumbani

Hatari ikitoka kwa mzazi asiyeishi na mtoto, shauri la malezi linaweza kutosha: mahakama inapunguza au inasimamisha mikutano, au inaagiza ifanyike mbele ya msimamizi. Kosa la kawaida ni kuzuia mikutano kimyakimya huku amri ya zamani bado ina nguvu. Mzazi anayemlinda mtoto anajikuta yeye ndiye mvunja amri. Omba mabadiliko ya haraka, na ueleze kwa maandishi kwa nini umezuia mkutano wa wikendi hiyo.

Kikao cha ukoo kinachoishia kwa fidia na kupeana mikono si njia ya nne, na hatuilinganishi na nyingine. Mashtaka ya jinai ni ya Jamhuri au ya dola. Familia haina mamlaka ya kuyauza. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Na anayepokea fidia anamwambia mtoto bei yake, wakati mtesaji anarudi mtaani akiwa amejua gharama.

Kuchagua, na kuchanganya

Milango haizuiliani. Ukatili wa kingono wa siku tatu zilizopita: hospitali, polisi na ustawi wa jamii, vyote ndani ya siku moja. Kichanga chenye alama: daktari na shauri la ulinzi kwanza, jinai ifuate uchunguzi. Mwenza anayepiga na mzazi mwingine yuko imara: zuio kwanza, na taarifa polisi ili kumbukumbu iwepo. Mwalimu au kocha: jinai, pamoja na barua kwa mwajiri na chombo kinachosajili walimu ukitaka aondolewe mbele ya wanafunzi uchunguzi ukiendelea, kwani uhamisho wa kimyakimya kwenda shule nyingine ni kuhamisha hatari.

Picha au video za mtoto zikisambazwa mtandaoni, njia ni jinai, na kuna mtego. Usizitume kwa mtu yeyote, hata kwa nia ya kuonyesha ushahidi, kwa kuwa katika nchi nyingi kuzisambaza ni kosa lenyewe na kila nakala ni jeraha jipya. Andika jina la akaunti, kiungo, tarehe na saa, usifute kitu, kisha peleka simu yenyewe polisi. Ziripoti pia kwa jukwaa lenyewe ili ziondolewe.

Ushauri nasaha usingoje kesi iishe. Wapo wanaoambiwa mtoto akizungumza na mshauri ushahidi “utaharibika.” Kifungu cha 39 cha Mkataba kinamhakikishia haki ya kupona, na mshauri aliyefunzwa anajua kumsaidia alale bila ndoto mbaya pasipo kumrudisha kwenye maelezo ya tukio. Mjulishe tu mwendesha mashtaka kwamba huduma imeanza.

Unapotoa taarifa, kwenye mlango wowote, toka na vitu vitatu vimeandikwa: namba ya taarifa kwenye daftari la kituo au ofisi, jina la aliyekupokea, na tarehe ya hatua inayofuata. Ukikataliwa kuandikiwa, uliza jina la mkuu wa kituo na urudi na maelezo yako kwa maandishi, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Tarehe uliyopewa ikipita bila hatua, nenda nayo ngazi ya juu asubuhi inayofuata, ukiwa na nakala yenye muhuri mkononi.